Mwanachama wa siku nyingi akifariki: namna ya kuandaa kikao cha klabu cha kumuenzi

Mkifiwa na mwanachama mliyekaa naye klabuni miaka ishirini au thelathini, itafika siku mtu atasimama kwenye kikao aseme jamani tufanye kitu, tumuenzi mzee wetu, wote mtakubali, halafu macho yatamgeukia mtu mmoja. Kama huyo mtu ni wewe basi haya ndo niliyojifunza kwa kuandaa vikao vya namna hii zaidi ya kimoja kwenye klabu yetu ya kuhudumia jamii (zile klabu za kujitolea kama za Rotary na Lions), na kile cha kwanza hatukukifanya vizuri.

Nalisema kosa letu mapema kwa sababu naona klabu nyingi zinalirudia. Tulijaza kikao sifa. Watu saba walisimama, wote wakasema marehemu alikuwa mkarimu, mcheshi, mpenda watu, na ilikuwa kweli kabisa, ila ni maneno ambayo yangesemwa kwa mtu yeyote. Binti yake alikaa mbele akisikiliza kwa adabu. Kikao kimeisha, tunakunja viti, mwanachama mmoja akamwambia juu juu tu kwamba baba yake ndiye aliyekuwa akifika saa nzima kabla ya kila kambi ya macho, zile siku za kuwapima watu macho, ili apange viti, wagonjwa wazee wasisimame kwenye foleni, na hakuwahi kumwambia mtu wala kuomba msaada. Hapo ndo yule binti akalia, akasema hii sikuijua. Yani stori iliyotakiwa isikike ukumbi mzima ikasikika kwenye kona ya viti, na watu wanne tu.

Kwa hiyo mimi sasa nikipewa hii kazi sianzi na maua wala picha kubwa wala nani atakuwa mshehereshaji. Naanza kutafuta kazi alizokuwa anafanya bila watu kuziona, na kikao chote nakijenga juu ya hizo.

Familia kwanza

Simu ya kwanza ni ya kutoa pole tu. Usitaje kikao, usiombe picha, usiulize chochote, kama kuna msiba klabu iende msibani, mkae, msaidie kinachohitajika mrudi. Mazishi ni ya familia, klabu isijiingize na ratiba yake humo isipoombwa.

Mazungumzo ya kikao yafanyike baada ya mazishi, na afanye mtu mmoja, sio rais wa klabu anapiga asubuhi, katibu mchana, na mwenyekiti wa kamati jioni, kila mtu na swali lake. Chagueni mtu ambaye familia inamfahamu. Tarehe mimi napenda iwe kati ya wiki tatu na sita baada ya mazishi, kabla ya hapo watu wa nyumbani wamechoka na wana makaratasi ya kufuatilia, na mkisubiri miezi mingi kumbukumbu zinaanza kufifia, wanachama wanasahau nani alifanya nini.

Mambo ya kuwauliza ni machache lakini yaulizwe yote: jina litamkwe vipi na liandikwe vipi (kuna watu klabuni tuliwaita kwa jina la utani miaka yote na mjane hapendi kulisikia hadharani), nani atakuja na wako wangapi, kama kuna mmoja wao anataka kusema neno au wanapendelea kukaa wasikilize tu, kama wangependa dua au sala, na kama kuna jambo hawataki liguswe, hasa ugonjwa. Usichukulie kwamba mjane lazima atasema. Mwambie kabisa kwamba hatalazimishwa, na ukimwambia hivyo mshehereshaji naye ajue, maana nimeshaona mtu anaitwa mbele ghafla, "sasa tumkaribishe mama atupe neno", na mama hana hata nguvu za kusimama.

Kuhusu sala, kumbuka klabu hizi zina watu wa dini mbalimbali. Lions wameandika kabisa kwenye malengo yao kwamba wanachama wasibishane juu ya siasa za vyama wala madhehebu ya dini. Hiyo haizuii kusali, ila uamuzi uwe wa familia na ikiwezekana anayeongoza awe wa upande wao, kila mwingine anainamisha kichwa kwa heshima. Wasipotaka, dakika ya kimya inatosha.

Kuna jambo dogo hapa linaumiza sana na karibu kila klabu inalisahau. Jina la marehemu liko kwenye orodha ya siku za kuzaliwa, liko kwenye orodha ya wanaokumbushwa ada, liko kwenye mfumo wa makao makuu. Katibu asiposahihisha, mjane atapokea ujumbe wa "hepi bethdei kutoka kwa familia yako ya klabu", au barua ya deni. Lishughulikieni wiki ile ile. Deni la ada kama lipo bodi ilifunge kimya kimya, lisitajwe popote. Namba yake kwenye kundi la WhatsApp nayo msiitoe kabla hamjauliza, mara nyingi simu yuko nayo mkewe au mumewe au mtoto na anasoma mnayoyaandika, zile rambirambi ndo zinamfariji usiku.

Chimbua kumbukumbu

Hapa ndo penye kazi, hapa ndo utumie muda mwingi. Wape watu wawili jukumu la kupekua mihtasari ya vikao vya zamani, madaftari ya mahudhurio, albamu, majarida ya klabu kama mlikuwa mnayatoa. Mnatafuta mwaka aliojiunga, nani alimleta, yeye amewaleta akina nani, nafasi alizoshika na miaka yake, kamati alizokaa, miradi aliyoianzisha na miradi aliyoikuta akaiokoa isife. Hilo la watu aliowaleta ni zuri sana, siku ya kikao waombe wote walioletwa klabuni na yeye wasimame, halafu walioletwa na hao nao wasimame. Sisi tulipofanya hivyo karibu nusu ya ukumbi walikuwa wima na hakuna aliyehitaji kueleza kitu.

Msiamini kichwa cha mtu, hata cha mzee kuliko wote. Angalia mfano wa Paul Harris, ndiye aliyeanzisha Rotary kule Chicago tarehe 23 Februari 1905, na wanachama wengi ukiwauliza watakwambia alikuwa rais wa kwanza wa ile klabu. Hakuwa. Rais wa kwanza alikuwa rafiki yake Silvester Schiele, mfanyabiashara wa makaa ya mawe, Harris alikuja kuwa rais wa klabu hiyo mwaka 1907. Kama mtu maarufu hivyo anakosewa, mwanachama wenu atakosewa mara kumi, na familia ikisikia mwaka uliokosewa au cheo ambacho hakuwahi kushika wanajua kwamba hamkujishughulisha. Kila tarehe itafutiwe karatasi yake. Ikikosekana, mseme tu "miaka ya mwanzo ya klabu" muendelee.

Kama marehemu ni mama, angalieni zaidi. Lions walifungua milango kwa wanawake mwaka 1987, Rotary mwaka 1989, kwa hiyo kuna akina mama ambao daftari linasema wamejiunga mwaka fulani wakati ukweli ni kwamba walikuwa wanafanya kazi za klabu miaka mingi kabla ya hapo, wanaandaa kambi, wanahesabu michango, wanaandika barua, na kwenye mihtasari wametajwa kama "mke wa" mwanachama fulani au hawakutajwa kabisa. Hiyo miaka ihesabiwe. Isemwe wazi kwenye wasifu kwamba alitumikia tangu mwaka fulani na akapewa uanachama mwaka fulani. Nasema hivi kwa uchungu kwa sababu nimeona mama aliyetumika miaka thelathini akisomewa kumi na minane.

Baada ya makaratasi njoo kwa watu, na usiulize "alikuwa mtu wa namna gani?" maana utapewa zile sifa nilizozisema. Uliza hivi: nipe siku moja uliyomuona anafanya kitu. Siku moja tu. Utashangaa yatakayotoka. Na usiwaulize wanachama peke yao, muulize mlinzi wa ukumbi mnaokutania, dereva aliyekuwa anawabeba kwenye miradi, nesi wa zahanati mliyoisaidia, mwalimu wa shule mliyojengea vyoo. Hawa walimuona wakati nyie hampo. Mtunza ukumbi mmoja alituambia kwamba mzee wetu kila baada ya kikao alikuwa anarudi ndani kuzima taa na kumuuliza kama amekula, na sisi tulikuwa tunadhani amerudi kwa sababu amesahau kofia.

Andika kila stori na jina la aliyeisimulia. Zitakuja zaidi ya mnazoweza kutumia na hizo zilizobaki zina kazi yake, nitafika huko.

Wasemaji wanne, basi

Najua mtapata presha, kila mtu atataka kusema, na mtu akinyimwa anaumia. Ila wasemaji saba wanachosha kikao na wanachosha wafiwa. Mimi nachukua wanne, dakika nne kila mmoja: rika lake aliyemjua tangu mwanzo, mwanachama kijana ambaye alilelewa naye klabuni, mtu wa nje aliyefaidika na kazi yake, na mmoja wa familia kama ametaka. Wengine waandike kwenye kitabu cha rambirambi au kadi, watu wawili wakizisoma mistari michache michache kabla ya kufunga inatosha.

Kila msemaji umpangie stori yake, umwambie kabisa wewe utaelezea ile ya kambi ya macho, wewe utaelezea alivyoitunza hazina mwaka ule pesa zilipokuwa zimepungua. Usipofanya hivyo wote watasimulia ile ile moja. Waandike, wakutumie siku mbili kabla, na nakala ikae kwa mshehereshaji kwa sababu rafiki wa miaka thelathini anaweza akafika katikati sauti ikakatika, na hapo mshehereshaji anasimama pembeni yake anamsubiri, akiashiria hawezi anamalizia kusoma kwa niaba yake. Hakuna aibu yoyote hapo, ila kama nakala haipo mnabaki mnaangaliana.

Swali ambalo huwa naulizwa pembeni: vipi yule ambaye walikuwa hawaelewani? Kwenye klabu ya miaka mingi lazima yupo, walibishana kuhusu bajeti au uchaguzi na hawakupatana vizuri. Msimfiche na msimlazimishe. Muulize kwa faragha kama angependa kusema kitu. Moja ya hotuba bora nilizowahi kusikia ilikuwa ya mtu kama huyo, alisema tulipingana miaka sita kuhusu mradi wa kisima, yeye alisema pampu ya mkono mimi nikasema ya umeme, na leo ile pampu ya mkono bado inatoa maji. Akakaa chini. Familia ilimshukuru yeye kuliko wengine wote.

Siku yenyewe

Kikao cha kawaida cha klabu kinaweza kubebeshwa hii shughuli, sio lazima kiwe maalum, na mimi naona inapendeza zaidi kikiwa siku ile ile na saa ile ile ambayo marehemu alizoea kuja. Ila mambo mengine yote yaondoke kwenye ajenda: hakuna zile faini za utani wanazotozwa wanachama kikaoni, hakuna matangazo ya tiketi, hakuna mjadala wa ada. Kama kuna jambo la bodi la haraka limalizwe kabla familia haijafika.

Mtu mmoja awasubiri wafiwa mlangoni, awakalishe mbele lakini pembeni, sio katikati ambapo kila mtu anawaangalia, na karibu na mlango wakitaka kutoka kidogo watoke. Kiti alichozoea kukaa marehemu, klabu nyingine zinakiacha wazi na beji yake juu ya meza. Waulizeni wafiwa kwanza, kuna wanaoguswa vizuri na kuna ambao hawawezi kukiangalia.

Maiki ijaribiwe saa moja kabla. Kama kuna wanaofuatilia kwa Zoom, watoto walio mbali kwa mfano, basi mtu mmoja asiwe na kazi nyingine ila hiyo, ahakikishe wanasikia, na wakati wa kadi awape nafasi nao. Picha kumi na mbili hadi kumi na tano zinatosha, chagueni za kazini, akiwa ameshika jembe, anapima macho, anabeba boksi, hata kama hazijatoka vizuri. Picha za hospitali hapana. Na majina ya walio kwenye picha yahakikiwe kabla hazijafika kwenye projekta.

Mtiririko wetu unaendaga hivi: rais anagonga kengele, anawatambua wafiwa kwa majina, anasema kwa sentensi mbili kwa nini tumekutana. Dakika ya kimya inakuja mwanzoni, sio mwishoni, na anayeiongoza aangalie saa, dakika moja kamili, sekunde 60, kwa sababu asiyeangalia saa anaikata kwenye ishirini kwa woga wa ukimya. Kisha wasifu, dakika tatu, usomwe na mtu mwenye sauti inayosikika. Kisha wasemaji. Kisha wale aliowaleta wanasimama. Kadi zinasomwa, azimio la klabu (tamko letu rasmi la kumuenzi) linasomwa, familia inakabidhiwa kilichoandaliwa, kengele inagongwa. Saa moja na robo hivi. Halafu acheni muda mrefu wa watu kukaa na wafiwa, msikimbilie kufungua milango na kupanga meza, stori nzuri kama nilivyosema zinatokea wakati wa kukunja viti, na safari hii familia iwepo kuzisikia.

Kama kuna kazi aliyoipenda, iingizeni humo ndani. Kwa mfano kama alikuwa Mwana-Lions aliyejitolea kwa ajili ya macho, na hii ni kazi ambayo Lions wameibeba tangu Helen Keller, yule mwandishi wa Marekani aliyekuwa haoni wala hasikii, alipowaomba kwenye mkutano wao wa mwaka 1925 kule Cedar Point, Ohio, basi mwaliko useme kila anayekuja alete miwani ya zamani ambayo haitumii. Boksi likae chini ya picha yake. Likijaa linaongea.

Michango na jina lake

Paul Harris alipofariki tarehe 27 Januari 1947 alikuwa ameshasema kwamba badala ya maua angependa watu wachangie mfuko wa Rotary, The Rotary Foundation, ambao ulikuwa upo tangu 1917 lakini ulikuwa mdogo sana, mchango wake wa kwanza kabisa ulikuwa dola 26.50. Michango ikaanza kumiminika kwa jina lake, ndani ya miezi 18 ikafika dola milioni 1.3, na mwaka ule ule wa masomo wa 1947–48 wanafunzi 18 wakapata ufadhili wa kwanza kwenda kusoma nje. Nauleta huu mfano kwa sababu unaonyesha kitu: mchango ulipewa kazi inayoeleweka mapema, haukukaa tu unasubiri.

Kwa hiyo mkichangisha, semeni ni kwa ajili ya nini, na familia iwe imekubali. Pesa iingie akaunti ya miradi, sio ile ya uendeshaji wa klabu, hizo mbili zinatakiwa kutengana na pesa ya umma ni ya umma, kila aliyetoa apate risiti, na jumla itangazwe kwenye kikao kinachofuata, sio siku hiyo mbele ya wafiwa kama mnada. Mkitaka kutoa heshima rasmi, kama Paul Harris Fellow kwa Rotary au Melvin Jones Fellow kwa Lions, ambazo zote zinaendana na mchango wa dola 1,000 kwa mfuko wa kimataifa, katibu aanze maombi mapema maana cheti kinachukua muda kufika.

Ombi langu moja, msitangaze siku hiyo "mfuko wa kudumu wa marehemu fulani" kwa hisia tu. Nimeshaona tangazo la namna hiyo likipigiwa makofi na baada ya mwaka hakuna kitu, na mjane anaulizia. Bora mseme kitu kidogo mtakachokitimiza.

Kazi alizoziacha

Siku chache kabla ya kikao bodi ikae na ile orodha ya mliyoyachimbua na kila kazi ipewe mtu. Funguo za stoo alikuwa nazo nani, nywila za barua pepe za klabu, saini ya benki, mawasiliano na ile shule, nani atapanga viti kwenye kambi ya macho. Mambo ya benki na funguo yafanywe kwa utaratibu, mtu aende nyumbani kwa heshima na kwa miadi, sio siku ya kikao. Lakini zile kazi za huduma zitajwe kwenye azimio lenyewe: kazi hii alikuwa akiifanya yeye, kuanzia leo itafanywa na fulani. Kwetu kazi ya kupanga viti vya kambi waliichukua vijana wawili, walisimama wenyewe.

Azimio liingie kwenye muhtasari wa kikao, neno kwa neno, lisainiwe na rais na katibu. Halafu tengenezeni faili la familia: nakala ya azimio, wasifu, hotuba zote nne, picha, kadi, na zile stori zote ambazo hazikupata nafasi, kila moja na jina la aliyeisimulia. Lipelekwe kwa mkono ndani ya wiki mbili. Na katibu aweke kwenye kalenda yake simu ya mwezi wa tatu na ya mwezi wa sita, kumjulia hali mjane au watoto, maana kufikia hapo wageni wote wameshaondoka.